Eti kolesteroli yako ni ya saizi kubwa? Pole sana!

Mimi nimerudi juzi kutoka Kyela, ngozi imeiva kwa jua la ziwani. Wanaonijua wanajua kwamba nikienda kwetu narudi na vitu 3: mchele, ndizi na habari. Mchele sigawi, msijisumbue kupiga simu. Habari ndiyo hii.

Huko mitaani kuna fasheni mpya. Zamani vijana walikuwa wanaringiana saizi ya kiatu na upana wa suruali. Siku hizi wanaringiana saizi ya kolesteroli. Usicheke, ni kweli kabisa. Kaa kijiweni jioni, utamwona jamaa anashushia chipsi mayai na soda baridi, halafu anakwambia bila hata kupepesa macho: "Mimi kolesteroli yangu iko juu, lakini ni ile kubwa, haina noma. Mbaya ni ile ndogo." Ukimuuliza hiyo saizi kaipimia wapi, anakuonyesha simu. Klipu! Kuna bwana kavaa koti jeupe, nyuma yake makopo ya unga yamepangwa kama dukani, anamwaga sera.

Ningecheka na mimi yakaishia hapo, kama aliyeniambia maneno hayo asingekuwa kaka yangu.

Huyu ni mtoto wa baba mkubwa, na kwetu mtoto wa baba mkubwa ni kaka, mambo ya "kazini" tunawaachia wengine. Ana miaka 38, ana duka la vifaa vya ujenzi Kyela mjini, mpira anacheza kila Jumapili na kitambi hana. Ukimwona utasema huyu atazika wote. Lakini baba yake, yaani baba mkubwa, alianguka kwenye shamba la mpunga akiwa na miaka 47 na hakuamka tena. Baba mdogo mmoja naye akafuata akiwa na 51, ndani ya basi, akitoka Mbeya. Msibani yalisemwa mengi, na ninyi mnajua yanayosemwa msibani. Ukoo ulibaki kidogo usambaratike kwa kunyoosheana vidole.

Mwaka juzi kaka akaanza kubanwa kifua akipanda kilima. Akaenda hospitali, akapimwa. Kolesteroli ya jumla 7.4. Ile wanayoiita nzuri, HDL, ilikuwa 1.1. Ile mbaya, LDL, 5.8. Mafuta mengine ya damu, yale yanayoitwa trigliseridi, yalikuwa 1.0 tu, safi kabisa. Daktari, mama mmoja mtaratibu, akamwambia avue viatu. Kaka akashangaa, kifua kinauma huku, viatu vya nini? Mama yule akashika ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, akaukuta umevimba, mgumu kama kamba iliyofungwa fundo. Akauliza swali moja: "Kwenu nani amekufa ghafla?"

Akampa dawa, vidonge vya aina ya statini, kimoja kila siku, akamwambia hivi si vya wiki 2, ni vya maisha. Kaka akameza vizuri mwaka mzima na zaidi. Halafu ikaja klipu.

Aliyenishtua ni mke wake. Nilipofika tu akanisogeza jikoni, sauti chini: "Shemeji, kaka yako ana miezi 4 hajagusa dawa. Nikimuuliza ananirushia video. Hebu ongea naye wewe unayeandika magazetini." Mtu akishakwambia hivyo, kukataa huwezi. Nikaomba siku 2 nijipange, kwa sababu kubishana na kaka mwenye duka si kazi ndogo, watu wa duka wamezoea kushinda.

Sasa mimi nisingependa kumsingizia yule bwana wa klipu kwamba alisema uongo mtupu. Ubaya wake ni kwamba alichukua kipande cha ukweli akakiuza kama kitu kizima. Twende polepole.

Kolesteroli, ambayo watu wa Kiswahili sanifu wanaiita lehemu, si sumu. Mwili unaihitaji na unaitengeneza wenyewe, ini likiwa ndicho kiwanda kikuu. Tatizo ni usafiri. Mafuta na maji havipatani, na damu ni maji maji, kwa hiyo kolesteroli haiwezi kusafiri peke yake, lazima ipakiwe kwenye vifurushi vidogo sana. Kifurushi kimojawapo ndicho hicho LDL. Ni kidogo kiasi gani? Chembe moja ina upana wa kama nanomita 25 hivi. Ukizipanga kwenye mstari, chembe 40,000 zinajaza milimita 1.

Hebu fikiria Kyela wakati wa mavuno. Una magunia 300 ya mchele yanatakiwa Mbeya. Unaweza kupakia kwenye Fuso chache, au ukayagawa kwa bodaboda, kila mmoja na gunia lake. Mzigo ni uleule, magunia 300. Lakini zile kona za Tukuyu, zenye ukungu na mvua, wewe unadhani zitaona ajali nyingi lini? Ndiyo maana watu 2 wanaweza kuwa na LDL ya 3.5 kila mmoja kwenye karatasi, kumbe mmoja ana Fuso na mwingine ana msururu wa bodaboda. Karatasi ya kawaida inahesabu magunia. Vyombo vya usafiri haivihesabu.

Na kweli wataalamu waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1988 kundi la watafiti wa Marekani, mmoja wao akiwa Ronald Krauss ambaye ndiye baba wa mambo haya ya saizi, walichukua wagonjwa 109 waliopata shambulio la moyo na watu 121 ambao hawakupata. Wenye chembe ndogo zilizoshonana walionekana na hatari kama mara 3. Hapo dunia ikapata msamiati: chembe ndogo mbaya. Sababu zilitolewa na zina mantiki. Chembe ndogo hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi, hupenya ukuta wa mshipa kirahisi, hunata humo ndani na huchacha haraka.

Zinapatikanaje hizo ndogo? Mara nyingi ni pale trigliseridi zinapopanda, kuanzia kama 1.7 hivi na kuendelea. Na hizo zinapandishwa na nini? Ninyi wenyewe mnajua: kitambi, kisukari, pombe nyingi, soda 3 kwa siku, chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Huko Kyela tuna mchele mtamu kuliko wote, hilo sijadili na mtu, lakini sahani ya wali iliyopanda kama Mlima Rungwe, kila siku, kwa mtu anayeshinda amekaa dukani, ini linaigeuza kuwa mafuta haya haya.

Mpaka hapo yule bwana wa koti jeupe yuko sawa. Alipopotoka ni aliporuka kutoka "ndogo ni mbaya" hadi "kubwa ni salama". Hiyo hatua haipo.

Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine wa Marekani, watu zaidi ya 5,000 wa rangi mbalimbali. Walipima chembe ndogo na kubwa, wakaangalia unene wa ukuta wa mishipa ya shingo. Ilionekana kwamba ukizihesabu zote kwa pamoja, bila kuacha moja imfiche mwenzake, kubwa nazo zinaendana na ukuta kunenepa. Wenye ndogo walionekana wabaya zaidi kwa sababu kwa kawaida wanazo nyingi. Ni idadi, jamani! Kila chembe ya LDL, kubwa kwa ndogo, imebeba protini moja inayoitwa apoB, moja tu, kama gari lilivyo na namba yake ya usajili. Ukipima apoB umehesabu namba za magari. Wataalamu wengi sasa wanaiamini zaidi hesabu hiyo kuliko saizi.

Ndani ya mshipa mambo huenda hivi. Chembe inapenya ukuta, inanasa. Askari wa mwili wanakuja kuila, wanashiba mafuta, wanavimba, wanafia humo humo. Inajengeka chungu ya mafuta ndani ya ukuta, juu yake inafunikwa na ngozi nyembamba. Miaka 10, 20, 30. Hausikii chochote. Unacheza mpira Jumapili. Siku ngozi ile ikipasuka, damu inaganda palepale, mshipa unaolisha moyo unaziba, na huyo mtu anaanguka kwenye mpunga. Shambani siku hiyo waliokuwepo waliona mtu mzima kabisa akidondoka, basi lazima kuna mkono wa mtu. Mkono ulikuwepo miaka 30.

Nikajipanga. Jumamosi nikamwambia kaka twende Matema, nina hamu ya maji. Shemeji akaelewa, akabaki na watoto. Kama hujafika Matema, nakuonea huruma kidogo: Milima ya Livingstone imesimama wima nyuma ya ziwa kama ukuta, na siku ya Jumamosi pale Lyulilo kuna soko la vyungu, akina mama wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vimepangwa kwa ukubwa. Shemeji alikuwa ameniagiza kimoja. Tukanunua, tukatafuta kivuli, tukaagiza mbasa wa kuchoma na ndizi.

Nikaanza kwa kuzunguka. Kaka akanikatiza.

"Mdogo wangu, shemeji yako kakutuma. Sema tu."

"Kanituma. Kwa nini umeacha dawa?"

Akaweka samaki chini, akanawa mkono mmoja, akatoa simu. Nikamwambia klipu nimeiona, nataka kumsikia yeye. Basi akaja na hoja 3, na msimdharau, kaka yangu ni mtu anayefikiri.

Ya kwanza: trigliseridi zake ziko chini, 1.0, kwa hiyo chembe zake ni kubwa, kwa hiyo yuko salama. Ya pili: Wamasai wanakunywa maziwa na kula nyama tangu enzi za mababu, mbona hawafi kwa moyo? Ya tatu, hii aliisema kwa kujidai: "Sisi ni watu wa ziwa. Wazungu walikuja hapa hapa Nyasa wakatupima, wakakuta wala samaki hawana magonjwa haya. Tena si kijiweni, ni utafiti."

Nikafurahi, kwa sababu hiyo ya tatu ndiyo niliyokuwa naijua vizuri.

Ni kweli walikuja. Watafiti kutoka Padova, Italia, wakiongozwa na Paolo Pauletto, walitoa matokeo yao mwaka 1996 kwenye jarida kubwa la Uingereza, The Lancet. Utafiti unaitwa wa Lugalawa. Walichukua vijiji vya Ludewa, watu zaidi ya 600 kila upande. Upande mmoja ni wavuvi wa ufukweni mwa Nyasa, ambao chakula chao kikubwa kilikuwa samaki, gramu 300 mpaka 600 kwa siku. Upande wa pili ni watu wa milimani Lugalawa, ndugu zao kabisa kwa damu na kwa maisha, ila wao walikula vyakula vya mimea. Wa ziwani walionekana na presha ya wastani 123/72, wa mlimani 133/76. Presha kali ilikuwa kwa watu 2.8 katika kila 100 ziwani, mlimani 16.4. Kolesteroli ya jumla 3.5 kwa 4.1. Trigliseridi 0.9 kwa 1.3. Hata kile kifurushi kingine kibaya ambacho wengi hawakijui, kinaitwa lipoprotini (a), kilikuwa chini zaidi kwa wala samaki. Mwaka 1999 wakarudia kukichambua hicho, wakaona tofauti ile haielezwi na saizi ya protini yake. Kwa maoni yao ni samaki.

Wangapi wenu mlijua kwamba kijiji cha Ziwa Nyasa kinasomwa na madaktari wa dunia nzima? Redioni tunasikia habari za mafuta ya samaki wa Norway kwenye kopo, kumbe usipa uko kwenye ungo Kyela sokoni. Sisemi utafiti ule umemaliza kila kitu. Waliwapima watu wa vijiji 2 na kuwalinganisha, hawakumpa mtu samaki na kumfuatilia miaka 20 waone nani anaanguka. Lakini ni mali yetu na ni vizuri kuujua.

"Umeona?" akasema kaka, anacheka. "Unanisaidia mwenyewe."

"Kaka, wa ziwani walikuwa na ngapi?"

"3.5."

"Wewe una ngapi?"

Akanyamaza. Akavunja ndizi.

"Wewe ni wa ziwani kwa kuzaliwa," nikamwambia. "Namba yako si ya ziwani. Na wale walikula samaki kila siku. Wewe wiki iliyopita umekula samaki mara ngapi?"

Ilikuwa mara 1, na ni huyo aliyekuwa mbele yetu. Watu wa Kyela mjini siku hizi ni wale wale wa Dar na Mbeya. Asubuhi supu na chapati 2, mchana wali, usiku chipsi. Na sisi tuna mawese, mafuta yetu mekundu ya michikichi, matamu kwenye maharage mpaka unasahau shida. Nayapenda na sitaacha. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile inayoganda na kupandisha LDL, wakati alizeti ni kama sehemu 1 tu ya 10. Kijiko ni kijiko, kibuyu ni kibuyu.

Kuhusu Wamasai, hapo ilibidi nimpe kaka heshima, maana hata wataalamu walipigwa na butwaa. Daktari Mmarekani, George Mann, aliwapima Wamasai wa Tanganyika miaka ya 1960 akakuta kolesteroli yao iko chini licha ya maziwa yote yale. Umesikia? Chini. Huwezi kumtolea mfano mtu wa kolesteroli ya chini ili kujitetea wewe mwenye ya juu. Na mwaka 1972 wakatoa matokeo ya mioyo 50 ya Wamasai waliofariki. Mafuta kwenye kuta yalikuwepo, tena si haba, ila mishipa yao ilikuwa imepanuka, damu inapita. Hawa ni watu waliotembea maisha yao yote. Kaka anatembea kutoka dukani mpaka kwenye pikipiki.

Tukabaki na hoja ya kwanza, ya saizi, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaniuma roho.

Kwa sababu kaka alikuwa sahihi! Chembe zake pengine ni kubwa kweli. Trigliseridi chini, mwili mwembamba, kisukari hana. Lakini kuna ugonjwa wa kurithi ambao watu wake wana LDL ya juu sana tangu siku wanazaliwa, na chembe zao kwa kawaida ni kubwa, nzuri nzuri, kama zile za kwenye klipu. Kwenye ini kuna milango ya kuzipokea LDL zitoke kwenye damu. Waliogundua milango hiyo, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mwenye ugonjwa huu amerithi milango mibovu kutoka kwa mzazi mmoja, basi vifurushi vinazunguka barabarani bila pa kushushia mzigo. Dunia nzima ni kama mtu 1 kwa kila 250 hadi 300. Wanaume wengi wasiotibiwa hupata shambulio kabla ya miaka 50. LDL kuvuka 4.9 ni kengele. Uvimbe nyuma ya kisigino ni kengele kubwa zaidi. Watu hawa wanakufa na chembe kubwa, msomaji wangu. Klipu ile ukiipeleka kwao ni kama kumpa mtu kamba.

"Kaka," nikasema, "baba mkubwa alikuwa na 47. Baba mdogo 51. Wewe una 38. Yule mama daktari alikuvua viatu kwa sababu hiyo."

Hakujibu muda mrefu. Mtumbwi ukapita. Halafu akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo hakurogwa."

Nikamwambia mimi naona hakurogwa. Kilichopita kwenye ukoo ni milango. Akauliza kama dawa inafungua milango. Kwa namna fulani ndiyo: statini inapunguza kiwanda cha ini, ini likiona limepungukiwa linaongeza milango, linavuta LDL kutoka kwenye damu. Ukishusha LDL kwa 1, hatari ya shambulio na kiharusi inapungua kama sehemu 1 ya 5 ndani ya miaka michache, na faida huongezeka kadiri unavyokaa nayo chini. Nikamsimulia pia habari ya watu weusi wa Marekani waliochunguzwa na Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas. Wako kama 2 au 3 katika kila 100 waliozaliwa na bahati ya kinyume: milango yao haichakai haraka, LDL yao iko chini kwa asilimia 28 maisha yote. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha magonjwa ya mishipa ya moyo kwao yako chini kwa asilimia 88. Hakuna aliyeuliza chembe zao zina saizi gani.

Wengi mtaniuliza, sasa sisi wa kawaida tufanye nini, kipimo cha saizi hatuna na cha apoB ni cha kutafuta kwa tochi. Chukua karatasi yako. Toa HDL kwenye ile ya jumla. Kaka: 7.4 toa 1.1, inabaki 6.3. Hiyo iliyobaki ndiyo mizigo yote iliyo kwenye magari mabaya, makubwa na madogo, na inaeleza hatari vizuri kuliko hadithi za saizi. Haihitaji mashine wala unga wa kopo. Kama karatasi yako ina namba kubwa kama 286, ni kipimo kingine kile cha Kimarekani, gawanya kwa 38.7. Na kina dada mnaotarajia kushika mimba, hizi dawa si za kujinunulia, ongeeni na daktari kwanza.

Mimi mwenyewe ni damu ya ukoo ule, kwa hiyo sikuondoka bila kupima. LDL 2.7. Baba yangu, mzee wa miaka 70 anayelima mwenyewe, 2.9. Sisi tumepita. Mwenye milango mibovu, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, kama kurusha sarafu, na watoto wa kaka ni 2.

Kaka alirudi kwenye vidonge Jumapili ile ile. Simshangilii sana, maana ni mtu wa klipu na klipu zitaendelea kuja. Lakini Jumatatu hakufungua duka. Aliwapandisha watoto kwenye gari asubuhi, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa 11, hawajala, wamenuna. Majibu shemeji amenitumia jana usiku wakati natafuta cha kuandika. Kijana 2.3. Binti wa miaka 11, yule anayekimbia kuliko wote shuleni kwao, 5.2. Ijumaa wanampeleka kwa yule mama daktari, na kaka ndiye aliyeomba miadi.